Kaske yangu kichwani mwa shemeji

Kasongo, Jumatano. Mvua tangu asubuhi, soko limelala, na mimi naona haya hata kujiandikia.

Kazi yangu ni hii: nafufua kaske, zile kofia ngumu za motari, waendesha pikipiki. Povu la ndani likiisha, nasaga frigoliti, ile nyeupe inayozunguka televisheni kwenye katoni, nachanganya na gundi, napaka ndani, naacha ikauke. Iko nyepesi, iko ngumu. Mteja akisitasita, naiweka chini na kuipanda polepole kwa miguu yote miwili. Haibonyei. Watu wanacheka, wananunua. Jamani, nilivyojivuna!

Wiki iliyopita shemeji yangu Asumani aliteleza na moto, pikipiki yake, kwenye njia ya Kabambare, kichwa kikapiga daraja la miti. Amelazwa. Anaongea kidogo, na sikio la kushoto halisikii tena.

Dada yangu mdogo Zaina, mke wake, alinishika mikono pale hospitali, mimi mkubwa wake. "Yaya, bila kaske yako sasa ningekuwa mujane."

Nikapokea shukrani.

Na kaske nilikuwa nimeshaiona. Nje kulikuwa na ufa mdogo tu, lakini ndani povu langu lilikuwa vipande vipande kama biskuti. Leo, kwa kuwa wateja hawakuja, nilichukua mpya nikaisimamia. Ikanibeba. Nikaipiga nyundo mara moja, ikapasuka. Nyingine, vilevile. Uzito unaokuja taratibu inauvumilia. Pigo la ghafla linaivunja kabla haijabonyea, na nguvu yote inaingia kichwani. Sasa ni mutu gani anaanguka na moto taratibu? Miaka yote hii nilikuwa napima kitu kisichoua mtu.

Mchana Zaina akapita. Jumamosi anapanda moto kwenda Salamabila kumpa mama mkwe habari, na anataka kaske kama ya mume wake. Vipande vilikuwa chini ya meza, nimevifunika na gunia. Nikachukua uzi, nikamupima kichwa.

Nilimupima!

Alipoondoka nilivunja zote zilizobaki. Lakini nyingine ziko njiani, na wanaozivaa nawajua kwa majina.

Kesho asubuhi nitaenda kwenye parking ya motari, niwaombe wanirudishie moja moja, wacheke au watukane. Ila kwanza napita kwa Zaina. Nitamwambia mume wake aliokolewa na Mungu, na lile sikio nililichukua mimi.