Sukari ndani ya kasiksi ya Mama

Bukavu, Jumapili. Mvua imeanza kabla ya misa ya kwanza na mpaka sasa haijachoka. Nguo nilizofua Alhamisi bado mbichi. Nimeketi jikoni karibu na makaa, na viatu vyangu vina matope ya Kabare ambayo sijataka kuyasugua.

Tangu jana naona aibu. Nilifikiri itapungua nikilala. Haikupungua.

Ninyi mnaosoma hapa mnajua kwamba Mama alituacha mwaka jana, mwezi kama huu. Alikuwa mtengenezaji wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kule nyumbani kwake Kabare. Kwa kasiksi hiyo alitusomesha sisi wawili, mimi na mdogo wangu Justin, hadi nikawa mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini. Siku zote alipokuwa hai sikukamua hata ndizi moja. Nikienda kumsalimu, nilikaa kwenye kiti, nikasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu, nikamwangalia akifanya kazi. Hakuniita kamwe nije kumsaidia. Mimi nami sikujitolea.

Kwetu mwaka ukitimia tunamaliza kilio. Kuna misa, kuna chakula, na kuna kasiksi iliyotoka migombani kwa marehemu. Mtoto wake ndiye anayeikamua. Siku ya mazishi nilisema mbele ya familia yote kwamba nitajifunza, na kwamba Mama atakunywa kutoka mkono wangu.

Nilikuwa na mwaka mzima.

Aliyenifundisha ni Maman Nabintu, rafiki wa Mama tangu ujana wao, jirani yake wa mgomba kwa mgomba. Kasiksi yangu ya kwanza iligeuka siki. Ya pili haikutoa hata povu, na Maman Nabintu alinishika mikono, akainusa, akaanza kucheka.

"Weye unanukia kama bibi arusi! Nani alikuambia ndizi inakamuliwa na mikono ya savon?"

Nilikuwa nimenawa kwa sabuni, vizuri kabisa, kama tunavyowafundisha watoto darasani. Alinipa majivu na maji, nikanawa tena. Nilirudi mwezi uliofuata, na uliofuata. Mikono yangu ilipasuka. Wanafunzi waliniuliza kwa nini nanuka ndizi, nami nilifurahi kuulizwa.

Ile ya sita, wakati wa kiangazi, ilikuwa nzuri. Maman Nabintu alimaliza kibuyu, akanyoosha mkono aongezewe. Siku ile niliandika hapa kwenye blogu na kuweka picha ya povu. Niliandika: "Nimefika." Wengi mlinipongeza. Nilisoma maneno yenu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri.

Baada ya hapo sikwenda tena kwa Maman Nabintu. Nilijiambia kwamba shule imefunguliwa, kazi ni nyingi. Ukweli ni kwamba sikutaka tena kuchekwa. Na nilikuwa na daftari langu. Ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu, nilikuwa nimeandika: ndizi zikae shimoni siku nne.

Siku nne za kiangazi.

Wiki hii ardhi ya Kabare ni baridi na imejaa maji. Shimo tunaloziivishia ndizi linahitaji moto na majani makavu, na hata hivyo ndizi huchelewa. Kila mama wa kule anajua. Mimi nilifungua shimo Jumatano baada ya masomo, kwa sababu daftari lilisema Jumatano. Ndizi zilikuwa za njano juu, lakini ndani zilikuwa bado ngumu. Niliziona. Nikasema zitalainika kwenye kukamuliwa.

Mama hakuwahi kuhesabu siku. Hilo nalikumbuka vizuri, kwa kuwa nilikuwa napenda kumtazama. Aliinua majani kidogo, akaingiza mkono shimoni mpaka kwenye kiwiko, akafumba macho, kama mtu anayetafuta sindano chini ya godoro. Kisha alinusa mkono wake. Mara nyingine alifunika tena na kwenda kulima. Nilidhani ni mazoea yake tu, kama ile sweta ya kijani isiyo na vifungo aliyofunikia mtumbwi wa kukamulia siku za baridi.

Sweta ile niliikuta msumarini. Nilifunikia, nikaona nimefanya kama yeye.

Maji ya ndizi yalitoka kidogo na mepesi. Niliweka unga wa mtama uliokaangwa, nikangoja. Kasiksi inayochacha huongea. Ukiinamisha sikio unasikia kama mvua ndogo juu ya majani. Alhamisi niliinamisha sikio. Kimya. Ijumaa saa sita mchana, bado kimya. Misa ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, na ndugu wa Mama walikuwa tayari njiani.

Justin alikuwa amekwenda kuazima viti parokiani. Nilitelemka peke yangu mpaka dukani, nikanunua sukari na chachu ya mkate. Nilirudi nikiwa nimezificha ndani ya kitenge kama mwizi. Nilimimina vyote, nikakoroga kwa mkono. Saa kumi povu lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, jeupe, kubwa kubwa kama la sabuni.

Nilichoma mifuko yote miwili kwenye jiko la Mama.

Jana, baada ya misa, watu walikaa uani chini ya hema. Desturi yetu ni kwamba aliyetengeneza ndiye anayekunywa wa kwanza, mbele ya wote, kuonyesha kwamba ndani hamna kitu kibaya. Nilikunywa. Sijawahi kula kiapo mahakamani, lakini nafikiri kinafanana na hivyo.

Halafu vibuyu vilizunguka.

"Yaya, leo umeua!" Justin alinipigia kelele; Yaya ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake. "Huu ni mukono wa Mama, kabisa kabisa!"

Tonton, kaka wa mwisho wa Mama, alikuwa ameshaanza cha pili. "Acha masomo hayo, mutoto! Fungua buvette, uuzishe pombe hapa kwa barabara. Miye njo nitakuwa mulinzi wa mulango."

"Mulinzi wa mulango ao wa bibuyu?" mkewe akamuuliza, na uani kote watu wakacheka.

Nilicheka nao.

Kibuyu cha marehemu hupewa rafiki yake. Anaonja, kisha anamwaga kidogo chini, karibu na mlango wa jikoni, ndipo kilio kinakuwa kimekwisha. Nilimpelekea Maman Nabintu kwa mikono yangu miwili. Alitazama povu kwa muda. Akavuta kwa mrija, mara moja. Akaukaza mdomo. Akaniangalia, si kwa ukali, na akauliza kwa sauti ndogo ambayo nadhani mimi peke yangu niliisikia:

"Hii nimwage?"

Sikuwa nimesukumwa na mtu. Hakukuwa na haraka tena. Neno moja tu lingetosha, hata kutikisa kichwa.

Nikasema, "Mwaga, Maman."

Akamwaga.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko sukari. Sukari niliiweka kwa hofu, na hofu kila mtu anaijua. Lakini pale mlangoni nilipewa nafasi, nami nikachagua sifa za watu wa uani badala ya Mama. Mwanamke ambaye hakuwahi kumuuzia hata mlevi wa mwisho kitu ambacho hakikuiva, mimi nimemnywesha maji ya dukani siku yake.

Leo baada ya misa ya kwanza nilipanda Kabare kwenye mvua. Maman Nabintu alikuwa anachambua maharagwe. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: shimo, daftari, duka, mifuko niliyoichoma. Nilitaka anitukane. Hakuacha kuchambua.

"Nilijua," alisema. "Njo maana nilikuuliza. Nilitaka useme weye."

Nikamwambia kwamba nimeharibu kilio cha Mama.

"Kilio haiharibike. Watu balikunywa, bakafurahi, bakaenda kwabo." Akatupa haragwe bovu mlangoni. "Mama yako haiko na haraka. Weye njo uko na haraka. Mara ya sita nilikusifu, na weye ukanikimbia. Mutu anakimbia ule mwenye kumusifu?"

Niliinama, nikaokota lile haragwe bovu.

Kisha aliniongoza nyuma ya nyumba. Alikuwa na shimo lake, limefunikwa. Nilimuuliza lina siku ngapi.

"Sijue. Weka mukono."

Nilipiga magoti kwenye matope, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Palikuwa na joto kidogo, pembeni kuliko katikati. Nilifumba macho. Nilinusa mkono wangu. Nilisema nafikiri bado, siku mbili hivi. Aliingiza wake, akanusa, akafunika.

"Tatu," alisema. "Lakini umejaribu."

Nimerudi nyumbani na harufu hiyo mkononi. Sijanawa bado. Nimechana ule ukurasa wa wino mwekundu, nikautia kwenye makaa, halafu nikaona huo nao ni mchezo tu, kama kuchoma mifuko. Kuchoma ni rahisi. Kurudi kila mwezi kwa mama mzee kuambiwa kwamba umekosea kwa siku moja, hiyo ndiyo kazi, nami niliiacha nilipoanza kuiweza kidogo.

Ile picha ya povu niliyoweka hapa wakati wa kiangazi sitaifuta. Iwepo, na maneno yangu ya majivuno chini yake, na haya ya leo juu yake.

Justin, najua utasoma. Jana ulinisifu ukiwa na machozi machoni, nami nikakuacha uamini. Nisamehe. Sikuwa na ujasiri wa kukwambia uso kwa uso, na hata hilo naliandika kwa aibu. Nitakuja Jumatano, uniseme utakavyo.

Shambani kwa Mama imebaki mikungu mitatu, mikubwa, bado mibichi. Nimemwomba Maman Nabintu asiiguse. Sijui itakaa shimoni siku ngapi. Hatutakodi hema, hatutaita watu. Tutakuwa watatu, mimi, Justin na Maman Nabintu, karibu na mlango wa jikoni, na safari hii akiniuliza kama amwage, nitanusa mkono wangu kwanza.

Mama bado hajanywa.