Usizipe Herufi Namba Mapema

Kariakoo, Dar es Salaam

Mdogo wangu Somoe,

Kosa wanalofanya wengi wanaoanza programu hizi za kompyuta za aljebra ni kuzipa herufi namba mapema. Ndilo kosa lako pia. Nalitanguliza mbele ya salamu kwa sababu umeandika kwamba Ijumaa unajitoa masomoni. Sasa nakusalimu. Hujambo, na wanao hawajambo? Mguu wa mama umepata nafuu? Mimi mzima, ila magoti hayazipendi ngazi za hapa.

Tangu nistaafu ualimu na kuhamia kwa mwanangu, asubuhi nafundisha wanafunzi watatu wa sayansi hapa sebuleni, juu ya maduka ya vitenge. Vipaza sauti vya wauzaji vinatulazimisha kusemezana kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Wiki iliyopita Rukia, anayesoma fizikia chuoni, alikwama pale pale ulipokwama wewe: jiwe linabembea kwenye uzi, na swali linataka kujua muda wa kubembea unabadilikaje uzi ukirefushwa. Mstari wa kwanza akaandika L = 1. Mashine ikakataa swali.

"Babu, kompyuta yako imezeeka kuliko wewe."

"Imezeeka, lakini inasikia. L ni nini?"

"Si urefu wa uzi!"

"Iulize yenyewe."

Akaandika L. Ikajibu: 1.

"Mh! Kumbe herufi haipo tena."

"Haipo. Sasa moja utaibadilishaje? Moja ni moja tu."

Mwenzake akamcheka: "Shoga, wewe kila kitu unaanza na bei, hata kitambaa hujakishika."

Akaifuta namba, akaifunga programu na kuifungua upya. Jibu likaja kwa herufi tupu, fupi kuliko swali. Ndipo akaweka namba mwishoni, akajaribu nyuzi tano za urefu tofauti bila kuandika upya kanuni.

Shuleni tunasema: andika data, weka kwenye kanuni, piga hesabu. Kwenye karatasi haidhuru sana, maana jicho bado linaiona L pale juu. Mashine haina jicho hilo. Ukishaiambia L ni moja, kila L inayofuata ni moja, mpaka uifunge isahau. Na mazoea hayo nilikutia mimi, ulipokuwa kidato cha pili darasani kwangu. Basi usiniandikie tena kwamba kichwa chako kimechakaa. Nimelisoma lote faili ulilonitumia. Kanuni zako ni sahihi, zimezibwa tu na mistari miwili ya juu.

Mpe salamu shemeji Athumani, mumeo, na mama umwambie nauliza habari za mguu wake kila siku. Mjomba Bakari, fundi cherehani wetu, ajue kanzu imenikaa vizuri.

Leo, kabla hujaandika barua ya kujitoa, futa ile mistari miwili yenye namba, funga programu, ifungue tena, na uliendeshe faili lako upya.

Kaka yako,
Selemani