Jina Alilolichagua Baba

Kiembeni, Kisauni,
Mombasa.

Kwa kaka yangu Kadenge,

Shikamoo, kaka. Habari za Nakuru na baridi yake? Wifi hajambo, na watoto je? Yule mdogo aliyekuwa akisumbuliwa na kifua, amepona? Nauliza yote kwa mpigo kwa sababu siku hizi habari zenu nazipata kwa watu wa kupita, kama vile nasikiliza redio ya jirani. Sisi huku tu wazima. Joto limetuchosha, maji ya mfereji yanakuja siku yanayotaka yenyewe, na cherehani yangu haijanyamaza tangu shule zifunguliwe, maana kila mzazi anataka sare yake leo na kesho hataki kusikia. Baba naye hajambo. Nyonga imeshikana vizuri, anatembea na mkongojo, na mdomo wake unaujua, huo haukuvunjika.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua ilhali simu ninayo. Nimeandika kwa sababu simu unanikatia. Barua haikatwi. Hata ukiikunja kwa hasira ukaitia mfukoni, itakungoja humo humo, na ninavyokujua, utaifungua tena. Ninachokuletea ni habari ya baba, na ninaileta kifua mbele. Kanisani wanatufundisha kwamba kiburi ni dhambi. Kama ni dhambi, nitaitubu wiki ijayo, lakini wiki hii niache nijivune.

Kaka, baba yetu amebatizwa.

Ndiyo, huyo huyo Mzee Tinga, aliyekuwa akisema wachungaji ni watu walioshindwa na jembe. Nilipomleta hapa kwangu kutoka nyumbani, baada ya kuanguka kule kisimani, hakuwa na haja ya kanisa wala mtu wa kanisa. Alikwenda mara ya kwanza kwa sababu ya uchovu wa kukaa ndani, na kwa sababu ngoma ya kwaya ilimkera. Alisema kijana anayepiga hana mkono. Akaenda kumwelekeza. Jumapili iliyofuata akaenda kuona kama ameelekezeka. Mimi nikawa nampigia pasi shati lake kila Jumamosi bila kumuuliza neno, maana baba ukimuonyesha kwamba umefurahi anaacha.

Halafu siku moja akatangaza mezani kwamba anaingia darasa la ubatizo. Nilidhani ni mzaha. Darasa lenyewe linafundishwa na msichana mmoja anaitwa Lynnette, mtoto wa Nairobi, ana moyo mzuri lakini Kiswahili chake kina mashimo. Baba alikuwa akirudi amechoka kumsahihisha kuliko alivyochoka kujifunza. Lynnette mwenyewe aliniambia kwamba siku moja alimjibu baba kuwa “hiyo swali ni noma,” na baba akamwambia kwa upole kwamba ni swali hilo, na kwamba hiyo noma amweleze maana yake kabla hawajaendelea. Walipendana sana, wallahi. Kila mmoja alidhani yeye ndiye mwalimu.

Taabu ilianza walipofika kwenye toba. Lynnette aliwaongoza waseme pamoja kwamba wametenda dhambi nyingi, wanaomba wasamehewe. Wengine wote wakasema. Baba akauliza nyingi ni zipi. Akaambiwa zote. Akasema mtu akija kwake kumtaka radhi kwa “yote” atamwona hana alichojutia, anataka tu yaishe aende zake. Kwa hiyo yeye hatasema nyingi. Atazisema moja moja, na kila moja ataipeleka kwa mwenyewe.

Basi tulianza kutembea, mimi na yeye na mkongojo. Wa kwanza alikuwa Bi Ruwaida, mwenye nyumba ninayopanga, ambaye nimekusimulia zamani. Ni mama wa kimji, baraza yake inaoshwa mara mbili kwa siku, na baba alikuwa akiitemea tumbaku makusudi kila akipita, kwa sababu tu mama huyo aliwahi kumuuliza kama watu wa kwetu Kaloleni hawana mahali pa kutemea. Alisimama mbele yake akamwambia kwamba ile haikuwa bahati mbaya hata siku moja. Bi Ruwaida alimwangalia, akasema alijua tangu siku ya kwanza, na kwamba yeye naye alisema neno bovu, basi Mungu awasamehe wote. Akamletea kahawa. Tangu siku hiyo baba anakaa kwenye baraza ile ile kila alasiri, na tumbaku anatemea kwenye kopo lake.

Tukaenda kwa wengine. Sitakutajia wote. Wapo waliolia, wapo waliocheka, na mmoja alitufungia mlango, na baba akasema hata huyo ana haki yake. Nilikuwa nikimshika mkono njiani namwangalia pembeni, nikijiambia kwamba mzee huyu aliyekuwa hakubali hata kusema “pole” akimkanyaga mtu, leo anatembea Kisauni nzima anataka radhi, na ni babangu mimi. Siku hizo ndipo kiburi hiki kilipoanza kunijaa.

Hatimaye akabaki mtu mmoja. Huna haja ya kuuliza ni nani.

Siyarudii ya msibani kwa mama ili nikuumize. Nayarudia kwa sababu baba mwenyewe aliyarudia mbele ya darasa zima, hakuacha hata kipande. Alieleza kwamba ulikuwa umeokoka, umebatizwa na kupewa jina la Phineas, na kwamba siku ya maziko wazee walikupa kibuyu umwagie koma, mizimu ya wazee wetu, tembo la mnazi kwenye kaburi la mama, wewe kifungua mimba wake, ukakataa kwa adabu. Alieleza kwamba hakukujibu kwa adabu. Alisema mbele ya ukoo mzima kwamba wewe si mwanawe, kwamba kwake hakuna Phineas na hatamzaa Phineas, na kwamba jina hilo lisitajwe tena nyumbani. Uliondoka na nguo ulizovaa. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nilikuwapo, na nilitii. Ndiyo maana hadi leo nakuita Kadenge tu.

Alipomaliza, Lynnette alimwambia kwamba Mungu anasamehe hata hilo, na kwamba ukimpokea unafanyika mwana wake, basi. Baba akamjibu, na maneno haya niliyasikia kwa masikio yangu kwa kuwa nilikuwa nimemfuata kumchukua:

“Mwalimu, mimi siwezi kwenda kwa mtu nikamwambia nifanye mwanao, na huku nyuma wa kwangu nimemkana.”

Baba akasema ubatizo wake usubiri.

Ndipo tukakupigia simu. Mara ya kwanza hukushika. Ya pili ulishika, ukasikia sauti yake, ukakata. Ya tatu nilizungumza mimi, nikakueleza kwamba baba anataka kukutaka radhi ili abatizwe. Ukaniambia umemsamehe zamani, kwamba wewe ni Mkristo na huna kinyongo na mtu, ila asikutafute, na watoto wako wasimjue. Kaka, simu ilikuwa imefunguliwa sauti. Alikuwa amekaa karibu yangu, anasikia kila neno.

Hakukasirika. Naapa nilitamani akasirike. Alisema taratibu kwamba huo si msamaha, huo ni mlango uliofungwa kwa adabu, lakini kwamba mlango wenyewe ameufunga yeye miaka ile, wewe umeongeza komeo tu. Kisha akanikataza kukupigia tena. Mimi nilikukasirikia kwa niaba yake, na hilo nalikiri bila aibu. Niliwaza kwamba wewe uliyeanza kusali tukiwa bado tunakucheka, wewe uliyetufundisha sote neno msamaha, ndiwe uliyelifanya la kutuma kwa simu. Nimelisema sasa, limetoka.

Tukadhani ndiyo basi. Mchungaji Bramwel alikuja nyumbani mara mbili kumwambia kwamba amefanya sehemu yake, asijizuie. Baba akasema bado hajaifanya, kwa sababu alikukana hadharani na hawezi kukurudisha kwenye ukoo kwa kunong’ona chumbani. Akaniagiza nitume watu nyumbani Kaloleni. Wote waliokuwa msibani siku ile na bado wako hai, waje. Mjomba Mwidani akauliza kama mzee anakufa. Nikamwambia hapana, anazaliwa. Akasema anakuja kuangalia kwa macho yake.

Walikuja Jumapili iliyopita, gari zima, wazee wenye kofia zao na kina mama wenye kanga za sherehe, na mmoja wao ambaye simtaji alikuwa ananukia mnazi tangu asubuhi. Ubatizo wetu hufanyika ufuoni Bamburi, pale pa watu wote, maji yakijaa. Kwa hiyo fikiria: kwaya upande mmoja, ukoo wetu upande mwingine, watoto wanaelea na maboya ya kukodi katikati, na ngamia wa kupandia watalii akitutazama sote. Baba alimtazama yule ngamia akasema kama ndiye shahidi, basi sherehe imekamilika. Alikuwa amevaa joho jeupe nililomshonea mwenyewe, na kaka, lilimkaa.

Kabla ya kuingia majini aliomba nafasi. Aliwageukia wale wazee, si kwaya, akaegemea mkongojo.

“Mlinisikia siku ile,” alisema. “Nisikieni na leo. Kadenge ni mwanangu. Nilimkana kwa kinywa hiki, na aliyekosa ni mimi, si yeye.”

Hata yule wa mnazi alivua kofia. Baba akanipa mkongojo, akashikwa mkono na mchungaji huku na shemasi kule, wakaingia polepole hadi maji yakamfika kifuani.

Sasa sikiliza. Kwetu kanisani anayebatizwa huulizwa jina atakalobatiziwa, na mchungaji alikuwa amekwisha kumshauri aitwe Ibrahimu, kwa sababu ya uzee wake. Baba alikuwa amemwambia wataonana majini. Alipoulizwa pale, akajibu kwa sauti ile yake ya kuita watu shambani:

“Phineas.”

Nilidhani sikusikia vizuri. Mchungaji naye, maana alimuuliza tena, na baba akarudia, taratibu, kama anavyomsahihisha Lynnette. Kaka, jina lile alilosema halitatajwa kwake, ndilo aliloliomba awekewe yeye.

Unajua kwetu jina linavyokwenda. Linatoka kwa babu linashuka kwa mjukuu. Wewe Kadenge ulipewa jina la babake baba, na tangu unanyonya alikuwa akikuita “baba”, nami nikikuonea wivu. Hakuna aliyewahi kusikia jina likipanda. Mjomba Mwidani alishindwa kujizuia, akapaza sauti kutoka mchangani kwamba tangu lini mzazi akarithi jina kwa mtoto wake. Baba akamjibu akiwa majini, na mchungaji amemshika mgongo tayari kumzamisha:

“Nyumba hii ninayoingia, yeye alinitangulia. Humo ndani mimi ndiye mdogo wake.”

Akazamishwa. Alipoibuka alikuwa anakohoa maji ya chumvi na kucheka, na mimi nilikuwa nimeingia baharini hadi magotini na viatu vyangu vya kanisani bila kujua nimeingia saa ngapi. Nililia mbele ya watu na sikujifuta. Mwanamke mmoja mgeni aliniuliza yule mzee ni nani. Nikamwambia ni babangu, nikalisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Basi hiyo ndiyo habari. Baba amenikataza kukubembeleza. Amesema msamaha hauvutwi kwa kamba kama mbuzi wa mnadani, na kwamba wewe umeshapewa chako hadharani, ukitaka kukichukua ni juu yako, na usipotaka kitabaki chako vile vile. Kwa hiyo sikubembelezi. Nakupa habari tu, kama mdogo wako, na habari nyingine ni kwamba chumba cha mbele nimekipaka rangi na kitanda chake ni kipana.

Mtaa mzima sasa wanamwita kwa jina lake jipya. Bi Ruwaida ndiye anayelifaidi zaidi, anamwita kutoka dirishani hata bila shida yoyote, “Mzee Finiasi!”, na baba anaitika naam kabla hajamaliza. Siku utakayokuja, usiseme ni Kadenge. Piga hodi ujitaje kwa jina lako, nasi tutaona nani ataitika kwanza.

Nisalimie wifi sana, na watoto uwabusu mmoja mmoja, na uwaambie wana babu Kisauni ambaye anapiga ngoma vizuri kuliko kwaya nzima. Lynnette anakusalimu ingawa hakujui. Bi Ruwaida anasema Mwenyezi Mungu akuweke. Baba hakutuma salamu, kwa vile anaogopa utaona anakuvuta.

Ila nilipomaliza kuandika nilimuuliza bahasha niiandike jina gani, maana mimi mkono wangu umezoea Kadenge. Alikuwa anavua viatu. Akasema niandike Phineas. Nikaandika. Alipofika mlangoni pa chumba chake akageuka, akasema nisilale kabla sijaongeza: wa Tinga.

Ni mimi mdogo wako,

Mweri wa Tinga