Walizikwa Wapi Wapanda Farasi wa Neema

Jumapili jioni

Basi leo kanisani nimejisifu tena. Neema wangu anaandika historia ya kikosi cha wapanda farasi wa Austria, waliopigana na Wafaransa enzi za mapinduzi ya Ufaransa. Nani mwingine Moshi hii amezaa kichwa kama hicho?

Mama Eliya akauliza, "Waliokufa walirudishwa kwao?"

Nikampigia Neema. "Hapana, mama. Wengi walifukiwa shimo moja, ugenini. Hata mmea wa sale wa kuonyesha kaburi, kama tunavyopanda sisi, hakuna."

Nikakata simu. Kaka yake naye ni askari, yuko nchi za watu, wiki ya tatu hajapiga simu.

Nikatoka kupalilia masale kwenye kaburi la baba yao, pale mgombani. Pembeni kuna nafasi. Mungu anisamehe, nimeipima kwa macho nikimwaza mwanangu.