Akili Bandia ya Kipushi

Mjukuu wangu Mwika,

Huku Lubumbashi tuko wazima. Nyanya yako bado anangoja samaki wakavu wa Pweto uliomwahidi. Unauliza utafanyaje na wanafunzi wanaoandikiwa insha na akili bandia ya simu.

Nilipoanza kufundisha mjini Kipushi, akili bandia ya darasa langu ilikuwa kaka mkubwa wa mwanafunzi wangu Kalenga. Niliagiza insha juu ya siku ya huzuni, naye akamwandikia mdogo wake kifo cha nkambo wao, mama wa baba yao, vizuri mno hata nikalia. Kesho yake nikapeleka darasa zima kilioni nyumbani kwao, tukiimba. Kalenga alitembea nyuma kabisa. Nikadhani ni majonzi.

Nkambo mwenyewe alikuwa uani, anachekecha unga.

"Nani alikufa?" akauliza.

"Ni weye, mama," nikajibu.

Akavuta kiti, akakaa. "Bon, mulie basi. Niko nasikia."

Tukalia kwa woga. "Weye mwalimu, lia na nguvu!"

Sikumchapa mtu. Niliwaambia tu waandike waliyoyaona. Kalenga, aliyekuwa hawezi mistari miwili peke yake, alijaza kurasa. Alianza hivi: "Nkambo wangu alikataa kufa."

Simu, mjukuu wangu, haina nkambo.

Babu yako, ambaye siku hizi huuliza kwanza kabla ya kulia