Masuke Matano ya Mama Yohana

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Barua yako imenifikia hapa Mpwapwa. Bibi yako hajambo, ila magoti tu. Mvua imetupita tena, tuyaache hayo.

Unauliza wapi ninyi watafiti mtapata mbegu ya ule mtama mwekundu uliokuwa ukistahimili ukame. Niliwahi kuishika. Nikiwa kijana, kituo cha utafiti kilinituma kukusanya mbegu za wenyeji. Jirani yetu Mama Yohana ndiye pekee aliyebaki nayo: masuke matano, ameyaning'iniza juu ya jiko yapate moshi, yasiliwe na wadudu. Nikayaomba yote.

"Chukua, mwanangu," akasema. "Utanirudishia mvua zikianza."

Tukayafungia kwenye chumba cha baridi pale kituoni. Mradi ukaisha, umeme ukakatwa, mlango ukabaki na kufuli. Nilipokuja kufunguliwa na kuzipanda mbegu zile, haikuota hata moja.

Kila nilipopita kwake alinikaribisha uji, na hakuniuliza kamwe. Kamba ilining'inia pale juu ya jiko, tupu, mpaka tulipomzika.

Masuke mawili yangenitosha, Neema.

Msiutafute mtama ule. Niliumaliza mimi.

Babu yako