Kikapu Chako ni Kitupu

4 Machi

Mama,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi hii? Mimi mzima, ila situlii. Tovuti ya vikapu vyako nimeianza! Jana ukurasa ulikuwa wa kijani, leo nikauona umekaa kama duka la dawa, nikaubadili. Sasa nataka picha za mikono yako ikisuka. Mpe jirani simu akupige. Usijipambe.

Binti yako

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yapo, yanadai mafuta tu. Nimekutumia picha za vikapu. Mikono ya nini? Watu wananunua kikapu au vidole? Na wewe ule, usishindie chai na hiyo kompyuta.

Mama

14 Machi

Mama,

Shikamoo. Vikapu vimependeza! Lakini mikono, jamani, wateja siku hizi wanataka kumwona fundi. Nimekutumia kiungo, ukibonyeze uone duka lako. Kuna mwenye duka la zawadi anataka vikapu vingi. Nimemwambia mama yangu hashindwi.

Binti yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo tena na tena. Mbona kimya? Simu inaita weee mpaka inakata. Jirani anasema u mzima, sokoni unakwenda na unacheka na watu. Basi ni mimi. Nimekosa nini? Kama ni ile rangi, naibadili leo hii. Sikai, sisimami. Nigombeze basi, nijue moja.

Binti yako

5 Aprili

Wewe,

Mimi mzima. Kiungo chako kilifunguka. Vyangu ndivyo vinavyogoma. Niliona vikapu vyangu, machozi yakanilenga. Nikabonyeza pale juu penye kichoro cha kikapu. Kikaniandikia: KIKAPU CHAKO NI KITUPU.

Haya! Nani kakwambia? Jirani, eh? Kweli, sijasuka tangu mvua za mwaka jana. Vidole vimekakamaa, hata ukindu siushiki. Hivyo ulivyoviona ni vya zamani. Lakini ndiyo unitangazie dunia nzima? Mimi niliyekuzaa!

Mama yako, hata hivyo

7 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Hakuna aliyeniambia kitu. Ndivyo yanavyosema maduka yote ya mtandaoni: mteja akichagua kitu kinaingia "kikapuni", hata kama ni viatu. Wewe hukuchagua kitu, ndiyo maana kikakwambia kitupu. Si wewe uliyesemwa!

Nilicheka, halafu nikafika pale pa vidole, nikalia ofisini mbele za watu. Kwa nini ulinificha? Mwenye duka la zawadi nimemwambia haiwezekani. Tovuti naifunga.

Binti yako

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Yaani nimenuna siku zote hizo kwa ajili ya viatu vya watu! Nimecheka mpaka jirani kaja kuuliza kulikoni.

Nilikuficha kwa sababu unanisifu sana, nami niliona raha kuwa huyo unayemsifu. Basi, ndiyo hivyo.

Usifunge. Vilivyobaki viuze, vikiisha sema vimeisha. Ila pale chini ya jina langu umeandika "anasuka". Futa, uandike "alisuka". Ni herufi mbili tu, wewe hazitakushinda. Mimi zimenishinda mwaka mzima.

Mama